Mashine za usafi zilizotumika: kwenye fomu ya bima niandike thamani gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina kampuni ndogo ya usafi, tunafanya maofisi na maghala. Vifaa vyangu ni mashine mbili za kusugua sakafu, moja ya kusukuma na moja ya kukalia, mashine ya kufulia zulia, vakyumu kadhaa na mashine ya maji ya presha, na vyote vimeshatumika, vingine nilinunua mtumba kabisa. Sasa wakala wa bima ananiambia nijaze thamani ya kila kifaa. Mhasibu anasema ile ya kukalia kwenye vitabu ishafika sifuri, fundi anasema bado inauzika, na nikiulizia bei ya mpya nachoka. Nijaze ipi? Na nikijaza ndogo ili ada ya bima ipungue kuna ubaya gani?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujasaini maana wengi wanakuja kuuliza mashine zikishaungua.

Hiyo sifuri ya mhasibu iweke pembeni kabisa. Ile ni ya mahesabu na kodi, inapungua kila mwaka kwa kiwango kilichopangwa hata kama mashine imekaa stoo haijaguswa, kwa hiyo haikwambii chochote kuhusu hela utakayohitaji siku mashine ikiibiwa. Bei ya fundi nayo, yaani ukiuza leo mtu atakupa ngapi, ni kitu kingine tena, kwa sababu mnunuzi wa mtumba anakata bei kwa wasiwasi wake mwenyewe. Kinachoamua uandike nini ni mkataba. Tafuta kipengele kinachosema fidia italipwa kwa msingi gani, na kama hukioni mwambie wakala akuonyeshe kwa kidole, asikusimulie tu.

Kama mkataba unasema utalipwa gharama ya kununua kipya, unaandika bei ya leo ya mashine mpya ya uwezo ule ule, upana wa kusugua ule ule, tenki la ukubwa ule ule, afu unaongeza usafiri, ushuru, kufunga, pamoja na chaja na betri kama zinauzwa kivyake. Hata kama yako ina miaka nane. Toleo lako kama halitengenezwi tena unachukua linalolingana nalo, sio lile la kisasa lenye mambo mengi, maana bima haiko pale kukupandisha daraja. Na ujue mikataba mingi ya aina hii inataka ununue kweli hicho kipya, usiponunua wanakulipa baada ya kukata uchakavu.

Kama mkataba unasema thamani ya sasa, hapo unaanza na bei ya mpya ya LEO, narudia ya leo, sio uliyonunulia, ndo unatoa uchakavu. Watu wengi wanaanzia kwenye risiti ya zamani na hapo tu tayari wamejipunja.

Sasa hilo la kujaza ndogo. Mikataba mingi ya mali ina kipengele cha kugawana hasara, na hiki ndo kinachoumiza watu wa biashara ndogo. Tuseme vifaa vyako vyote thamani yake halisi ni 10,000, wewe ukaandika 6,000 ili ada ishuke. Moto unatokea, unaharibu vya 4,000 tu. Wewe unadhani 4,000 iko chini ya 6,000 kwa hiyo utalipwa yote. Hapana! Watasema uliweka bima asilimia 60, basi na wao wanabeba asilimia 60 ya hasara, unapata 2,400, na bado hawajatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mikataba mingi inakuachia ubebe mwenyewe. Ile 1,600 inatoka mfukoni kwako, wakati huo huo wateja wanasubiri sakafu zao. Ukiongeza chumvi nako hupati faida, kwa sababu fidia haizidi hasara yenyewe, utakuwa umelipa ada kubwa bure tu.

Uchakavu wenyewe usiukadirie kwa miaka peke yake. Chukua ile mashine yako ya kukalia, nyingi zina mita ya masaa, anzia hapo, kwa sababu mashine mbili zilizotoka kiwandani mwaka ule ule, moja ina masaa 600 nyingine 4,000, hizo sio mashine sawa hata kidogo. Halafu nenda kwenye betri, maana seti ya betri ni kati ya vitu ghali zaidi ndani yake. Kama ni zile za maji fungua vifuniko uangalie kama maji yamefunika bamba za risasi zilizo ndani, ichaji ijae, ifanye kazi ya kawaida uone inadumu muda gani ukilinganisha na zamani, na kama zilikaa muda mrefu bila chaji zikaganda salfeti, yaani ule ukoko kwenye bamba unaoifanya betri isishike chaji, basi kata thamani bila huruma. Lakini ikiwa ulibadilisha betri juzi juzi iandike hiyo pembeni na invoisi yake, kwa sababu mkadiria hasara, yule anayekuja kupima hasara kwa ajili ya bima, akikuta mashine ya zamani tu bila maelezo ataikata yote kwa umri. Ipitishe pia kwenye sakafu iliyolowa: ikiacha michirizi ya maji usikimbilie kusema imekufa, mara nyingi ni raba ya nyuma inayokokota maji imelika, na raba nyingi zinageuzwa zikatumika upande mwingine. Mota ya kunyonya ikipiga kelele au kunyonya kwa kuchoka, hapo ndo kuna gharama. Mwombe fundi aandike haya kwa karatasi, na tarehe, na sahihi.

Vakyumu na vitu vidogo usijichoshe, viorodheshe kwa pamoja, idadi na bei ya mpya, ukitoa uchakavu kama mkataba ni wa thamani ya sasa, inatosha.

SWALI LA PILI (la huyo huyo): Mashine ya presha nilinunua kwa mtu mkononi, sina risiti. Itakubalika?

JIBU: Risiti sio ushahidi pekee. Piga picha mashine nzima, hozi na bunduki yake, kisha kile kibati chenye modeli na namba ya usajili wa kiwandani, piga karibu isomeke. Kama ulilipa kwa simu au benki chapisha muamala huo. Omba profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, ya mashine inayolingana nayo kutoka kwa muuzaji, na vyote hivyo vitume kwenye barua pepe yako, usivifungie stoo moja na mashine.

Lingine ambalo hujaliuliza ila kwa kazi yako ni kubwa: mashine zako zinalala kwa wateja na zinasafiri kwenye gari. Bima nyingi za mali zinahesabu tu kilichopo kwenye anwani iliyoandikwa kwenye mkataba. Mwambie wakala akuandikie kwa maandishi kama kifaa kikiibiwa kwa mteja au njiani kinalipwa, na kama hakilipwi muulize nyongeza ya vifaa vinavyohamahama ni kiasi gani, kabla hujasaini.