Kurekodi sauti kwa mzunguko: teki zimekwenda wapi?

Swali: Ninarekodi mwimbaji kwa Reaper, programu ya kurekodi ya kompyuta, juu ya biti yenye mapigo 90 kwa dakika. Niliweka baa 8 za kiitikio (kila baa ni mapigo manne) zijirudie, naye akaimba mara sita mfululizo. Nilipozima nikakuta sauti ya sekunde mbili tu, na sehemu iliyobaki ni tupu. Je, teki, yaani rekodi ya kila mara alipoimba, zimefutika? Na kwa nini neno lake la kwanza hukatika?

Jibu: Ndugu msomaji, teki zako zote zipo. Reaper huhifadhi kila mzunguko kama teki yake ndani ya kipande kilekile cha sauti, na inayoonekana ni ile ya mwisho. Ulizima sekunde mbili baada ya mzunguko wa saba kuanza, kwa hiyo unachokiona ni hiyo teki ya saba isiyokamilika. Chagua kipande hicho, kisha bonyeza herufi T, na kila ukibonyeza itajitokeza teki nyingine. Katika mipangilio ya kurekodi lipo pia chaguo la kutupa teki ambazo hazikukamilika, liwashe.

Neno la kwanza hukatika kwa sababu mzunguko wako una urefu uleule wa kiitikio. Kwa kasi hiyo, baa 8 ni sekunde 21 na kidogo, na mwimbaji anamaliza mshororo wa mwisho papo hapo anapotakiwa kuanza wa kwanza. Atavuta pumzi saa ngapi? Isitoshe, akiingia mapema kidogo, kama waimbaji wengi wazuri wafanyavyo, silabi yake ya kwanza huangukia mwishoni mwa teki iliyotangulia. Anza mzunguko baa moja kabla ya kiitikio na uumalize baa moja baada yake. Baa moja ni takriban sekunde 2.7, hivyo atapata zaidi ya sekunde tano za kupumua kati ya teki na teki. Hata hivyo, mimi humsimamisha mwimbaji baada ya teki nne au tano, anywe maji na tusikilize pamoja, kwa kuwa koo likichoka, teki ya kumi haitakuwa bora kuliko ya tatu.

Unapochagua sehemu nzuri za kila teki, kata kwa herufi S, kisha badilisha teki ya kila sehemu kwa T. Mahali pa kukata ndipo penye kazi. Katika neno «nitakungoja», kata kabla ya «k», kwa kuwa hapo pumzi huzibwa kabisa na hubaki ukimya mfupi unaoficha kiungo. Usikate katikati ya «a» iliyovutwa, maana sauti mbili haziko kimo kimoja kamwe na sikio litagundua. Pumzi inayotangulia neno nayo iache pamoja na neno lake, kwani ukiiunganisha na neno la teki nyingine itasikika kama ya mtu mwingine.