Mwanangu, jasho lipo ila hulioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikamsomea mama yako. Unasema huko mlikohamia mvua imekata kabisa, jua linachoma, na vumbi linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja: kwa nini kichwa kinakuuma kila jioni ilhali hutoki jasho, mfanyeje mtoto wenu mkubwa akitokwa damu puani usiku, na huyu mchanga wa miezi minne mumpe maji au msimpe, maana jirani anasema mumpe.

Nianze na mchanga, kwa sababu yeye hawezi kujisemea. Msimpe. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88, nayo yanamtosha hata kwenye joto kali mpaka atimize miezi 6. Tumbo lake ni dogo. Mkilijaza maji, maziwa yatakaa wapi? Isitoshe, kiangazi kikikolea na maji yakawa ya kutafuta, ndipo yanapokuwa na uchafu zaidi. Anyonye mara nyingi, hata kama ni kidogo kidogo. Anayehitaji maji ya ziada ni mama yake, kwa hiyo mkwe wangu awe na chupa yake pale anaponyonyeshea, na kuijaza iwe kazi yako. Mkiona nepi zinakaa kavu muda mrefu, utosi umebonyea, au mtoto amelegea na hataki kunyonya, msisubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali.

Sasa wewe. Uliposema, "Baba, sitoki hata jasho," nilicheka, halafu nikakumbuka.

Nilikuwa na umri kama wako, tunapaua nyumba. Joto lilikuwa kavu kama hilo lenu, na upepo wa kutosha. Kutwa nzima shati langu lilikuwa kavu, nikajiona mwamba. Maji nilikuwa nayo ila nikawa nayabania, nikisema nitakunywa kiu ikinishika. Alasiri misuli ya miguu ikaanza kukaza. Nikashuka ngazi, nikafika katikati, macho yakaingia giza. Wenzangu wakanidaka, wakanivua shati, na mmoja akalishika nilitazame: mgongoni chumvi imechora mistari myeupe, mmoja juu ya mwingine, kama maji ya ziwa yanayorudi nyuma. Jasho lilikuwa likitoka tangu asubuhi. Hewa kavu ilikuwa inalinywa kabla halijalowesha nguo.

Ndiyo maana nakuambia usilisubiri jasho likupe habari, wala usiisubiri kiu, kwa sababu kiu huchelewa. Tazama mkojo. Ukiwa na rangi ya majani makavu, uko salama. Ukikolea mpaka ukawa wa kahawia, umeshachelewa. Ukiwa kazini juani, kunywa kikombe kila dakika 15 au 20. Hiyo tabia yako ya kushinda bila kunywa halafu kurudi nyumbani na kugugumia jagi zima ndiyo inayokuletea kichwa, nadhani. Wala usipitilize. Zaidi ya lita moja na nusu kwa saa huzimua chumvi iliyomo kwenye damu, nayo ni hatari nyingine. Halafu mwili mgeni kwenye joto huchukua wiki moja mpaka mbili kuzoea, na wewe uliingia kazini siku ya pili kama mwenyeji. Kazi nzito ifanye alfajiri. Kama kichwa hakitaacha hata baada ya hayo, nenda wakakupime.

Pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ziwepo nyumbani kwa ajili ya kuhara na kutapika. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kulundika. Ukikosea chumvi ikazidi, mwaga uanze upya.

Jambo moja halina mjadala. Mtu akiwa juani akaanza kuropoka, kuyumba au kuanguka, mwili ukawa moto mno, huenda joto lake limefika nyuzi 40, na hapo ubongo unaumia. Awe anatoka jasho au hatoki, mpeleke kivulini, mpunguze nguo, mmwagie maji na kumpepea huku mwingine akiita msaada. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe kitu.

Damu ya pua ya mkubwa isikutishe. Hewa kavu hupasua utando laini wa ndani, na vidole vya mtoto humalizia. Ile ya kumlaza kichwa nyuma tuliyokufanyia wewe ilikuwa makosa. Damu inashuka kooni na kumtapisha. Mkalishe, ainame mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa dakika 10 kamili, ukitazama saa. Usiachie katikati kuchungulia! Ikifika nusu saa bado inatoka, nendeni hospitali. Usiku mpake mafuta ya mgando kidogo mlangoni mwa pua.

Na vumbi lenyewe, acheni kulifagia likiwa kavu. Mnalirusha juu, kisha mnalivuta. Nyunyizeni maji kwanza, au pangusa kwa kitambaa kibichi. Barakoa ya kitambaa huzuia punje kubwa tu; zile chembe ndogo, ambazo unywele mmoja huzizidi unene mara 30 hivi, hupita na kushuka mpaka ndani ya mapafu. Inayosaidia ni ile ya N95, yenye kichujio cha chembe ndogo, nayo lazima ibane usoni, kwa hiyo hizo ndevu zako ama zipungue ama usijidanganye. Mkeo mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta.

Jicho likiingia vumbi lioshwe, lisifikichwe. Na homa inayokuja na kichwa kikali na shingo ngumu msiiite mafua ya vumbi. Katika nchi zilizopangana kutoka Senegal hadi Ethiopia, homa ya uti wa mgongo hupamba moto misimu kama hii, na mgonjwa wake huwahishwa saa ileile.

Mama yako anauliza kama feni mnayo. Mwambie mkwe wangu kwamba chumba kikipita nyuzi 40, feni inawapulizia joto tu. Walowanishe ngozi kwanza.

Jioni nipigie, nizungumze na mkubwa. Na shati la leo la kazini usilifue kabla hujaligeuza ukatazama mgongoni, uniambie umeona nini.

Baba yako