Shoti inaganda kabla ya kuyeyuka

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nahariri video za send-off na harusi hapa Dodoma. Nikiweka transisheni ya kuyeyusha kati ya shoti mbili, ya kwanza inaganda mwishoni kama picha ya mnato. Kompyuta yangu ndiyo mbovu? Na je, kila mkato uwekewe transisheni? – Msomaji, Area C

JIBU: Kompyuta haina kosa. Shoti zinapoyeyushwa, yaani moja ikififia huku nyingine ikijitokeza, kwa muda huo zote mbili zinacheza pamoja: ya kwanza inaendelea kupita mkato (pale shoti mbili zinapoungana), ya pili inaanza kabla yake. Kwa video ya fremu 25 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, transisheni ya sekunde 1 iliyokaa katikati ya mkato inataka akiba ya fremu 12 au 13 kila upande. Wewe umetumia klipu hadi fremu ya mwisho, hivyo programu inairudia hiyohiyo.

Punguza fremu 15 mwishoni mwa shoti ya kwanza na 15 mwanzoni mwa ya pili, ziba pengo, ndipo uweke transisheni. Taimlaini, ule mstari unapopangia klipu, itafupika kwa fremu 30, yaani zaidi ya sekunde nzima. Kama muziki ulishaupanga, ukague upya. Hakuna cha kupunguza? Weka mkato mtupu. Na siku ya kazi, mpiga video aanze kurekodi sekunde 5 kabla bibi harusi hajaingia, wala asizime kamera papo hapo.

Kila mkato? Hapana. Kuyeyusha humwambia mtazamaji kwamba muda umepita au tumehama: saluni hadi kanisani, kanisani hadi ukumbini. Ukiyeyusha shoti mbili za MC aliyesimama palepale, utapata sura mbili zilizopandana kama mzimu. Hapo pachika shoti ya wageni wanaopiga makofi. Kinachoharibiwa zaidi ni ngoma. Wanawake wa Kigogo wanapopiga muheme, mapigo ni makali na kuyeyusha kunayalegeza. Kata pigo linapotua. Ukitaka kuingia kwenye ngoma kwa ulaini, tanguliza sauti yake fremu 15 hivi huku picha ya ukumbini ikiwa bado ipo. Utaona mkato wenyewe hausumbui tena. Transisheni za kuzunguka na kufunua kurasa ziache kwenye menyu.

Ukisikia “tak” kwenye mkato wa sauti, fifisha sauti kwa fremu 2 au 3 kila upande.