Mdogo wako anaweza kupata ushauri nasaha bila kuanzia polisi

Kaka, nimekusoma. Mdogo wako alifanyiwa ukatili wa kingono na ndugu wa karibu akiwa kidato cha pili, wazee wakalimaliza kifamilia, leo yuko chuo Dar, usiku halali na darasani haendi tena. Unauliza kama ni lazima aanze polisi kuchukua PF3, na wapi atapata mnasihi maana pesa ya hospitali binafsi hamna. Nakujibu kama mtu niliyepitia hayo hayo, kwa mtu wa nyumbani vilevile.

PF3 ni fomu ya kesi. Daktari anajaza alichokikuta mwilini, nayo inatumika kama ushahidi. Kwa jambo la miaka iliyopita haihitajiki ili mtu akae na mnasihi. Siku akitaka kushtaki, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, lakini huo ni uamuzi wake yeye. Inaniuma kwamba wengi wanabaki na maumivu yao kwa kudhani huduma zote zinapitia kituoni, na hawako tayari kumpeleka ndugu yao huko.

Mimi nilipitia ofisi ya ustawi wa jamii, hospitali ya rufaa ya mkoa. Pale mapokezi unaulizwa "unaumwa nini?" kwa sauti, foleni nzima inasikia, na hapo ndipo wengi wanageuza kurudi nyumbani. Ajibu tu: "Nimekuja kumwona afisa ustawi wa jamii." Asiongeze neno. Ofisi hiyo hiyo ndiyo watu wanafuatia msamaha wa gharama za matibabu, kwa hiyo pale benchini hakuna atakayejua kilichompeleka. Kwa Dar, ulizeni pia Hospitali ya Amana, wana kituo cha mkono kwa mkono, yaani matibabu, polisi, ustawi na ushauri nasaha mahali pamoja.

Mnasihi wa kwanza niliyepewa hakunifaa. Alitaka nisimulie yote siku hiyo hiyo, mlango uko wazi, muuguzi anaingia na kutoka na mafaili, kisha akaniambia nisamehe ili nipate amani. Kumsamehesha mtu si kazi ya mnasihi. Nilirudi kwa afisa ustawi nikaomba mwingine, mwanamke, nikapewa. Huyu alifunga mlango kwa komeo, akasema, "Leo hatuzungumzii kilichotokea. Niambie usingizi wako ukoje." Akanifundisha nikishtuka usiku niwashe taa, nikanyage sakafu kwa miguu yote miwili, nitaje kwa sauti vitu ninavyoviona, kanga, ndoo, kalenda, mpaka mwili wenyewe ukubali kwamba niko chumbani kwangu na ni leo. Yale ya nyumbani niliyasema baadaye sana, kwa vipande, na mengine sijayasema mpaka sasa. Hakuwahi kunilazimisha.

Jiandae kwa jambo moja: mwanzoni anaweza kuonekana amezidiwa kuliko kabla hajaanza. Mimi ilinitokea, ndoto zikaongezeka. Asiache, amwambie mnasihi wake. Akipewa rufaa ya kliniki ya afya ya akili, aende, hata kama mtaani watasema kapelekwa Milembe. Ila akianza kuzungumzia kufa au kujidhuru, msisubiri tarehe ya miadi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kitengo cha dharura, na usimwache peke yake.

Mama yenu akisema mnafukua makaburi, msigombane naye. Mdogo wako ni mtu mzima, hahitaji ruhusa ya mtu yeyote kupata huduma hii. Wewe msindikize, ukae nje, na akitoka usimhoji walichozungumza.

Na mnaosoma hapa ambao jambo limetokea jana au juzi, kwenu haraka ni kubwa zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na zinanywewa siku 28. Nendeni hospitali kwanza, msikae nyumbani kwa sababu ya kukosa PF3. Aliyefanyiwa asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwenye gazeti, si mfuko wa plastiki. Akiwa mtoto, pigeni 116, ni bure.