Kabla hujapeleka dola za fedha za urithi mnadani: yaliyonipata kwa sarafu 61 za baba mkwe

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema kwamba mzee uliyekuwa ukimuuguza huko Minnesota amekuachia kwa wosia sarafu 40 za kizamani za dola, za madini ya fedha, kwamba duka la rehani limekutajia bei ya kuzichukua zote kwa mkupuo, na kwamba hujui kama uzisafishe kwanza, uziuze upesi, au uzipeleke kwenye mnada wa wakusanyaji. Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwa sababu mwaka 2017, baba mkwe wangu alipofariki hapa Texas, tuliachiwa kopo la biskuti lenye dola 61 za namna hiyohiyo, na katika wiki mbili za mwanzo nilifanya kosa ambalo nisingependa ulirudie.

Usizisafishe. Usiziuze kwa mkupuo. Wala usizipeleke mnadani kabla hujaijua kila moja ni ipi, kwa sababu bei ya sarafu mnadani huwa imekwishaamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mnadishaji hajafungua mdomo.

Nianze na kosa langu. Zile sarafu zilikuwa nyeusinyeusi, nami nimekulia Unguja katika nyumba ambamo vyombo vya fedha vilisuguliwa kila ilipokaribia sikukuu, kwa hiyo nilichukua magadi ya kuokea, nikayakoroga na maji, nikaisugua mojawapo mpaka ikang'aa. Ilikuwa ya mwaka 1889, na nyuma yake, chini ya shada la majani, kulikuwa na herufi mbili ndogo, CC. Sikujua kwamba herufi hizo ni alama ya kiwanda cha Carson City, Nevada, na kwamba mwaka ule kiwanda hicho kilifua dola 350,000 tu, idadi ndogo sana kwa sarafu za aina hiyo. Nilipoipeleka baadaye kupimwa, ilirudishwa na maandishi kwamba ni halisi lakini imesafishwa, bila kupewa daraja la namba. Mkusanyaji anautafuta uso ambao sarafu iliupata ilipofuliwa, pamoja na rangi iliyoipata yenyewe kwa miaka zaidi ya mia moja, na mikwaruzo ya magadi haifutiki. Sarafu ile iliuzwa kwa takriban nusu ya bei ambayo ingestahili. Zishike zako kwa ukingo tu, zitenganishe zisigongane, na usizitie katika vile vifuko laini vya plastiki vinavyoacha utandu wa kijani juu ya chuma.

Sasa chukua kioo cha kukuzia na uziorodheshe. Kwa maelezo yako, yaani kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili, na miaka ya kati ya 1878 na 1904, hizo ni dola za Morgan, ambazo zimeitwa hivyo kwa jina la mchongaji wake, George T. Morgan. Kila moja ina uzito wa gramu 26.73, na asilimia 90 ya chuma chake ni fedha. Andika mwaka, kisha geuza uangalie chini ya fundo la shada, juu ya herufi DO za neno DOLLAR. Pakiwa patupu, imefuliwa Philadelphia. S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City. Herufi hiyo moja inaweza kuitenga sarafu ya bei ya kawaida na sarafu ya maelfu ya dola. Dola za Morgan za mwaka 1921, kama nazo zimo, zilifuliwa kwa mamilioni na thamani yake kwa kawaida haipandi sana juu ya ile ya madini.

Ni kwa kioo hicho nilipoiona ile iliyonibadilishia hesabu: 1893, na herufi S. Kiwanda cha San Francisco kilifua 100,000 tu mwaka ule, na kati ya dola zote za Morgan zilizofuliwa kwa matumizi ya kawaida hakuna yenye idadi ndogo kuliko hiyo. Kwa sababu inatafutwa sana, huigwa sana pia: kuna wanaobandika S kwenye sarafu ya 1893 ya Philadelphia, na kuna wanaochonga upya tarakimu ya mwisho ya 1898 ya San Francisco. Bahati njema ni kwamba zote halisi zilipigwa kwa muhuri mmoja wa upande wa kichwa, na muhuri huo uliacha kimstari kidogo cha mshazari kilichoinuka kwenye sehemu ya juu ya herufi T katika neno LIBERTY. Nilikiona kimstari kile usiku, mume wangu akinishikia taa. Duka la kwanza tulilokwenda lilikuwa limetaka kutupa dola 900 kwa kopo zima, yaani juu kidogo tu ya thamani ya madini, na tulikaribia kukubali.

Uadimu nao usichanganywe na uzee. Kuna sarafu za Kirumi zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, na zipo dola za 1881 za San Francisco ambazo bado zinang'aa kwa sababu zilikaa ndani ya mifuko ya hazina bila kutumika, na zimejaa sokoni. Uadimu unaweza hata kupotea. Dola ya 1903 ya New Orleans ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa zilizo adimu kuliko zote za Morgan, mpaka mwishoni mwa 1962 mifuko yake ilipotolewa katika ghala la serikali na bei yake ikaporomoka. Kwa upande mwingine, sheria ya Pittman ya mwaka 1918 ilisababisha dola za fedha zaidi ya milioni 270 kuyeyushwa, na hakuna aliyeandika ni za miaka gani wala za viwanda gani. Ndiyo maana idadi iliyofuliwa haitoshi peke yake. Wakusanyaji huangalia ni ngapi zimesalia, na katika hali gani.

Hali hiyo ndiyo inayoitwa daraja, nayo hupimwa kwa namba kutoka 1 hadi 70, kipimo kilichotokana na kile alichokibuni William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba. Tangu kampuni ya upimaji ya PCGS ilipoanza mwaka 1986 na ile ya NGC mwaka 1987, sarafu hupelekwa kwa wapimaji wasio wauzaji, ambao huithibitisha, huipa namba, na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Mzabuni aliye Boston au Tokyo hawezi kuishika sarafu yako, hivyo kasha hilo ndilo linalomhakikishia kwamba hauziwi mbuzi kwenye gunia. Upimaji una gharama ya makumi ya dola kwa kila moja, kwa hiyo usizipeleke zote 40. Sisi tulipeleka sita. Ile ya 1893 ilipata daraja la 20, maana yake imetumika sana lakini bado inasomeka vizuri, na zile 55 zilizobaki tuliziuza kwa bei ya madini ya fedha kwa muuzaji wa sarafu ambaye hakutufanyia haraka.

Kuhusu mnada wenyewe, soma mkataba neno kwa neno. Zipo nyumba kubwa za mnada, kama Heritage ya Dallas na Stack's Bowers ya California, zenye minada ya ukumbini inayoendeshwa pamoja na ya intaneti, na zipo zinazouza kila wiki kwa intaneti pekee. Karibu zote humtoza mnunuzi ada juu ya bei ya mwisho ambayo nyundo ya mnadishaji imegonga, na ada ya asilimia 20 au zaidi kidogo ni ya kawaida. Kisha muuzaji naye anaweza kukatwa kamisheni. Sarafu yetu ilifika dola 4,200 nyundo ilipogonga. Mnunuzi alilipa 5,040. Mkataba wa kwanza niliopewa ulisema nikatwe asilimia 10. Niliuliza kwa upole kama inaweza kupunguzwa, ikawa asilimia 5, nikapokea 3,990. Watu wengi hudhani ada ya mnunuzi haimgusi muuzaji, lakini mzabuni mzoefu huipiga hesabu kabla ya kutaja dau: akiwa na 5,040 mfukoni, dau lake litaishia 4,200. Kwa hiyo unapolinganisha nyumba mbili, linganisha kiasi kitakachotoka mfukoni mwa mnunuzi na kile kitakachofika mkononi mwako. Uliza pia picha zitapigwa vipi, malipo yatatoka baada ya siku ngapi, na bima ya njiani ni ya nani.

Kuna jambo la bei ya chini, yaani kiwango ambacho chini yake sarafu haiuzwi. Niliwahi kuiwekea bei hiyo mojawapo ya zile sita, juu mno, kwa sababu ya mapenzi ya familia. Haikuuzwa, na nililipa ada ya kuirudisha. Hapa nitakueleza habari ya sarafu moja ambayo mimi kama Mzanzibari siwezi kuipita, na ambayo inajibu pia lile swali lako la pembeni, kwamba inawezekanaje dola moja iuzwe kwa mamilioni.

Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara huko Muscat na Sayyid Said bin Sultan, yuleyule aliyehamishia makao yake Unguja na kutawala pwani yetu. Ni katika zama hizohizo kitambaa cha pamba cha Marekani kilienea huku mpaka tukakiita merikani. Serikali ya Marekani ilitaka kumpelekea zawadi, na miongoni mwake ikawamo seti ya sarafu zake. Kufua dola kulikuwa kumesimama tangu mwaka 1804, na hata zile za mwisho zilipigwa kwa mihuri ya miaka ya nyuma. Kwa hiyo mwaka 1834 kiwanda cha Philadelphia kilitengeneza mihuri mipya yenye mwaka 1804, tarehe ambayo haikuwa imewahi kuonekana juu ya dola yoyote. Seti ya Sayyid Said ilikabidhiwa mwaka 1835. Leo dola za 1804 zinazojulikana ni 16, pamoja na zilizofuliwa baadaye kwa ajili ya wakusanyaji, na iliyo bora kuliko zote ndiyo inayoaminika kuwa ilikuwa yake. Agosti 1999 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 4.14. Mwaka 2016 ilinadiwa tena, madau yakapanda mpaka mamilioni, lakini bei ya chini haikufikiwa na ikarudi kwa wenyewe. Agosti 2021 ikauzwa kwa dola milioni 7.68. Kama sarafu hiyo inaweza kurudi bila kuuzwa, yako na yangu zinaweza pia. Weka bei ya chini inayotokana na mauzo halisi ya sarafu ya mwaka huo, kiwanda hicho na daraja hilo. Nyumba kubwa huweka kumbukumbu za bei zilizopita kwenye tovuti zao, na kuzisoma hakuhitaji malipo.

Mambo mawili ya karatasi. Kwa kuwa si ndugu wa marehemu kwa damu, weka nakala ya wosia na barua ya msimamizi wa mirathi, kwa sababu nyumba ya mnada itakutaka utie saini kwamba mali ni yako, na jamaa wa mzee wanaweza kuuliza. Vilevile pata tathmini ya maandishi ya thamani yake ya siku aliyofariki. Kodi ya serikali kuu ya Marekani unapouza mali ya urithi huhesabiwa kwenye ongezeko juu ya thamani hiyo, na kwa vitu vya wakusanyaji inaweza kufika asilimia 28.

Duka la rehani liambie bado unafikiri. Kesho zipange juu ya kitambaa laini mchana, karibu na dirisha, uandike mwaka na herufi ya kila moja, kisha ulete orodha hiyo hapa bila jina lako wala anwani. Ukikutana na CC yoyote, au na 1893 yenye S, piga picha ya karibu ya neno LIBERTY na ya tarehe, na usiipitishe hata kitambaa juu yake.