Maswali yenu juu ya kuchunga kuran na makala

Wiki hii maswali imefika mingi, na karibu yote inazunguka pa kitu moya: namna gani kuchunga kuran (umeme) na makala mu nyumba, isiende bule. Zingine ntajibu mbio mbio juu tulishazisema.

Mwalimu wa fiziki anasema enerji haipotee, inageuka tu. Sasa juu ya nini banatuambia tuichunge? (Mwanafunzi, Kamalondo)

Mwalimu anasema kweli, na swali yako njo nzuri kupita zote. Enerji haipotee, lakini inatawanyika. Angaria mbabula ya mama yako saa ya bukari: moto inatoka mu makala, kidogo inaingia mu nyungu, ile ingine inapita pembeni, inapasha chuma ya mbabula, inapasha upepo ya lupango. Haikufa, iko kule mu upepo, ila hakuna mutu ataikamata airudishe mu mufuko ya makala. Ampuli ya zamani, ile ya uzi, ni vile vile: pa kuran 100 yenye inakula, karibu 5 tu njo inakuwa mwangaza, ingine yote ni joto, njo maana inachoma vidole. Basi kuchunga ni kufanya enerji igeuke kile kitu ulikuwa unahitaji, mbele itawanyike. Andika ile mu kaye yako.

Chaja ya simu ikibakia mu prizi inakula kuran mingi?

Hapana, kidogo sana. Resho yenye inawaka bila nyungu juu njo inakumaliza.

Kuran ikikatika, niache vyote mu prizi nijue saa inarudi?

Nilishajibu hii mara tatu!! Ampuli moya ya ledi inatosha kukujulisha. Resho na pasi, toa palepale. Delestaji, ile kukata kuran kwa zamu, inakata saa moya ya magaribi, mutu anasahau, analala, kuran inarudi saa saba ya usiku na pasi iko juu ya shuka. Kwa jirani yetu matela iliungua vile, batoto tuliwatosha ku dirisha bakiwa banakohoa. Musiniulize tena. Na frigo musiifungue fungue, ikifungwa inachunga baridi muda wa karibu masaa 4.

Makala imepanda bei, mufuko haimalize mwezi tena. Nifanye nini? (Mama moya, Katuba)

Mama, asante, juu hapa njo penye kuko kazi. Kila mutu anasumbukia ampuli, na moto yote inaishia ku jikoni. Anza na maharagi: loweka usiku muzima, asubui mwaga ile maji, weka ingine, funika nyungu na kifuniko yenye inakaa sawa. Ikishatokota, punguza makala. Bamama wengi banaongeza juu banawaza itaiva mbio, lakini maji yenye inatokota haipande joto tena. Hapa Lubumbashi tuko karibu metre 1200 juu ya bahari, inatokota ku digrii 96 hivi, inabakia paka pale, ata uweke kilo mbili zaidi. Ile yote inaenda mu mvuke. Iache itokote vizuri dakika 10 na zaidi, maharagi mabichi iko na sumu, nyuma utoshe nyungu ku moto, uifunge na bulangeti mbili mu kikapu, itaendelea kuiva yenyewe. Saa ya kula unamalizia na makala kidogo.

Na ujue, mu tanuru ya udongo kilo moya ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za muti. Bale ba baisikeli wanaoleta mifuko, kila mwaka banatoka mbali kupita, juu pori ya miombo ya karibu na muji ilishaisha.

Nikimaliza kupika, niingize mbabula mu chumba, joto isiende bule?

HAPANA. Mwezi wa sita na wa saba baridi inakamata, naelewa, lakini makala inatosha gazi ya monoksidi, haina harufu, haina moshi, mutu analala na haamuke. Ata dirisha ikiwa wazi kidogo. Ata kama makala inaonekana imeshakuwa majivu. Vaa sueta, ongeza bulangeti, mbabula ilale inje.

Sisi tunalipa forfe, bei moya ile ile kila mwezi, konteri ya kupima kuran hatuna. Kuchunga itanisaidia nini?

Ku franka zako, leo hakuna. Na mi nasema wazi, forfe inatufundisha mubaya: ampuli za inje zinawaka muchana kati, resho tatu mu lupango moya. Ile kuran sehemu inatoka mpaka ku baraji ya Inga, na laini ya karibu kilometre 1700 yenye ilianza 1982, na ingine inapotea joto mu njia mbele ifike ku Kolwezi. Nyuma sisi wote tunawasha resho saa moja na ile ile ya magaribi, kabini yenye inagawa kuran mu avenue inalemewa, inaungua, avenue nzima giza, na munaanza kuchangisha franka ku kila lupango. Ombeni konteri, muandike barua pamoja, mutu yake yake hawamusikie. Na maharagi ya resho, pika muchana.