Mkulima Sokoni: Maswali Yenu Kuhusu Kuuza kwa Simu

Barua nyingi mwezi huu zinauliza jambo moja: namna ya kumfikia mlaji bila kupita kwa dalali. Tumezifupisha na kujibu zile zinazoweza kuwafaa wengi.

SWALI: Nalima mpunga. Wanunuzi wanatufuata mashambani na bei yao ya kutupa, kisha mchele huohuo naukuta mtandaoni unauzwa Dar es Salaam zaidi ya mara mbili. Nikikoboa mwenyewe na kuuza kwa simu, si faida yote itakuwa yangu?
— Msomaji, Mbarali, Mbeya

JIBU: Faida ya dalali itakuwa yako, na kazi yake pia. Yeye ndiye anayetafuta gari, anayekula hasara ya mfuko uliopasuka na anayemsubiri mteja asiyepokea simu. Hayo yote yanakuhamia wewe, kwa hiyo yatie kwenye hesabu kabla hujatangaza bei.

Kwanza, usilinganishe kilo ya mpunga na kilo ya mchele. Gunia la kilo 100 za mpunga uliokauka vizuri hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele kwenye mashine nzuri. Mashine iliyochoka hushuka chini ya hapo na kukujazia chenga, yaani punje zilizovunjika. Chenga nyingi huanzia kwenye turubai, mpunga unapoanikwa tabaka jembamba kwenye jua kali ukakauka kwa pupa na punje zikapata nyufa. Anika unene wa sentimita 4 au 5, geuza mara kwa mara, na koboa unyevu ukiwa karibu asilimia 14.

Sasa chukua mfano wa magunia 10, yaani kilo 1,000 za mpunga. Bei hizi ni za kuonyesha njia tu, weka za kwenu. Tuseme mnunuzi angekupa shilingi 1,000 kwa kilo: hapo tayari kuna 1,000,000 unayoiacha. Ukipata mchele kilo 620, utafunga mifuko 24 ya kilo 25 na kubaki na kilo 20 za sampuli. Kukoboa 37,200, mifuko 24,000, gari hadi Dar 60,000, kupakia na kushusha 12,000, bodaboda wa kufikisha kila mfuko mlangoni, 4,000 mara 24, ni 96,000, makato ya kutoa pesa 20,000, bando na simu 10,000. Jumla 1,259,200. Gawa kwa kilo 600 ulizouza: kila kilo imekugharimu karibu shilingi 2,100 kabla hujapata hata senti ya faida. Ukiuza 2,400 unabaki na shilingi 180,800, na pumba ukimuuzia mfugaji ni nyongeza.

Tazama palipouma: bodaboda amezidi gari lililotoka Mbarali. Ndiyo maana wanaofanikiwa hawapeleki mfuko mmojammoja. Wanakusanya oda za ofisi moja au mtaa mmoja, wanashusha sehemu moja, siku moja, na wateja wanajichukulia.

Jambo jingine, sema wazi kama mchele ni mpya au wa msimu uliopita. Mpya hunukia lakini hushikana ukipikwa kwa maji yaleyale. Wa zamani huchambuka. Mteja aliyezoea wa zamani akipikia wageni mchele mpya bila kujua, hakupigii tena. Na usihamishie mavuno yote huku. Anza na magunia hayo 10, mengine uza kama ulivyozoea.

SWALI: Naweka picha za mazao kwenye status ya WhatsApp kila siku. Watu wanaangalia, hawanunui. Nina namba zaidi ya 300 kwenye orodha ya kutuma ujumbe kwa pamoja, wanaojibu hawafiki kumi.
— Msomaji, Karatu

JIBU: Orodha moja ya WhatsApp ya kutuma kwa pamoja huchukua watu 256 tu, na ujumbe humfikia yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengine wote hawauoni, na wewe huambiwi. Kila anayenunua mara ya kwanza mwombe aihifadhi namba, tena mbele yako kama mmekutana.

Halafu tangazo lenyewe. “Vitunguu vizuri vya Mang’ola, bei njoo inbox” humfukuza mnunuzi. Mtu anayepika hana muda wa kuhojiana. Andika: vitunguu vyekundu, vimekaushwa, kilo kwa bei fulani, oda ya chini kilo 10, mzigo unaondoka Jumatano, mwisho wa oda Jumanne saa 12 jioni. Piga picha asubuhi kwenye mwanga wa kawaida, kitunguu kimoja kikiwa kimekatwa, na mzigo ukiwa juu ya mizani namba zikisomeka. Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Na hilo neno “vimekaushwa” liwe kweli. Baada ya kung’oa, acha vitunguu kivulini penye hewa wiki 1 hadi 2 mpaka shingo inyauke kabisa, ndipo ukate ukiacha sentimita 2 au 3. Kikifungwa shingo mbichi huanza kuoza kuanzia juu, na mteja hugundua siku ya tatu.

SWALI: Nilituma nyanya kwa basi kwa wateja watano wa Dar. Nusu zilifika zimepondeka, wawili wakadai pesa zao. Nimekosea wapi?
— Msomaji, Ilula, Iringa

JIBU: Huenda ulichuma zilizoiva. Kwa safari hiyo chuma zile ambazo kitako ndiyo kwanza kinabadilika rangi. Zitaivia kwa mteja ndani ya siku chache, na mwambie asiziweke kwenye friji kabla hazijaiva. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka kivulini, tupa yenye ufa hata mdogo, maana moja ikivuja huharibu zilizo chini yake.

Tatizo la pili ni tenga. Tenga la mbao lenye kina kirefu linaziponda za chini kwa uzito wa za juu, na mbao zinazikwaruza. Tumia kreti za plastiki za kilo 20 hadi 25, usijaze kupita ukingo, ili kreti ikikaa juu ya nyingine ibebwe na plastiki, isibebwe na nyanya. Kreti ni ghali, kwa hiyo mteja aache pesa ya dhamana mpaka airudishe. Buti la basi nalo huwa jiko. Omba mzigo ukae mbali na injini, na chagua basi la usiku.

Kabla basi halijaondoka, piga picha mzigo ukiwa umeandikwa jina na namba ya mpokeaji, kisha mtumie mteja picha hiyo, risiti, namba ya gari na simu ya kondakta. Kubalianeni mapema kwamba malalamiko yanakuja na picha ndani ya masaa 3 tangu apokee pale Kituo cha Magufuli. Baada ya hapo huwezi kujua kimetokea nini.

Kusema kweli, nyanya si zao la kumuuzia kila kaya kilo mbili. Tafuta mama lishe, hoteli au mwenye genge anayechukua kreti nzima.

SWALI: Mteja alinionyesha ujumbe wa muamala, nikampa mzigo, kumbe feki. Nijilinde vipi?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Usisome ujumbe, soma salio. Piga menyu mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, uone pesa imeingia ndipo mzigo utoke. Sheria hii iwahusu hata wateja wa siku nyingi, maana simu zao nazo huibiwa.

Wizi wa pili ni wa “nimekosea kutuma, nirudishie”. Usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Kuliko kupokea kwenye namba yako binafsi, omba Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo. Jina la biashara hutokea kabla mteja hajaweka namba ya siri, na pesa ya mazao haichanganyiki na ya matumizi ya nyumbani. Kwa kawaida utatakiwa kuwa na kitambulisho cha NIDA na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Uliza kabla ya kusaini: makato anayalipa nani, na kuhamishia benki ni kiasi gani? Mpaka uipate, tangaza bei ukisema kama ni pamoja na ya kutolea au la; ugomvi mwingi wa shilingi elfu mbili unaanzia hapo. Mteja mpya alipe nusu kabla mzigo haujapakiwa.

SWALI: Tuko 18 kwenye kikundi. Pesa za mauzo zinaingia kwenye simu ya mwenyekiti na minong’ono imeanza.
— Kikundi, Lushoto

JIBU: Mwondoleeni mzigo huo, hata kama ni mwaminifu. Fungueni akaunti ya benki ya kikundi: cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua, na watia saini watatu ambao wawili wakisaini pesa inatoka. Lipa Namba iunganishwe na akaunti hiyo. Taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa ndiyo pia itakayoangaliwa mkiomba mkopo.

Mlipane kwa kilo na kwa daraja la ubora, kamwe si kwa gunia, na anayepima asiwe yule anayeandika daftari. Kila mzigo uwe na namba yake, ili mteja akilalamika mjue karoti zilitoka shamba la nani. Sehemu ndogo ya malipo, mfano asilimia 5, ibaki mpaka malalamiko ya mzigo huo yafungwe.

SWALI: Nauza viazi kwa majirani wa Nairobi. Nitumie gunia la kawaida na M-Pesa ya kawaida?
— Msomaji, Nyandarua, Kenya

JIBU: Kanuni za viazi za Kenya za 2019 zinaweka mwisho wa kilo 50 kwa gunia, na kwa kaya hata 50 ni nyingi, fungeni kilo 10 kwenye neti. Kwa malipo, Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa kwa wafanyabiashara wadogo, inakufaa zaidi, kwa kuwa mteja hawezi kuirudisha pesa bila idhini yako. Viazi vilivyopata rangi ya kijani viondoe kabla ya kupima.